Bwana Afya Akimaliza Kuhesabu Matundu ya Choo

Bwana afya akifika shuleni, kila mtu anajua anakokwenda. Ataanzia jikoni kuangalia masufuria na kuuliza kama wapishi wamepima afya. Atapita kwenye tangi la maji. Kisha atakwenda vyooni, na huko atahesabu: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25, ndivyo mwongozo wa taifa unavyotaka hapa Tanzania. Ataangalia kama kuna maji ya kunawa na kama mlango una komeo, ataandika, atasaini kitabu cha wageni, atanywa soda yake na kuondoka. Hakuna anayeuliza huyu mtu wa afya amefuata nini shuleni, maana choo tumeshakubali ni suala la afya ya jamii.

Sasa mwulize mtoto wa darasa la tano kwa nini anajibana toka asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Wapo watakaokwambia choo ni kichafu. Wapo wengine, ukiwauliza vizuri na mwalimu hayupo karibu, watakaokwambia choo ni kisafi tu, shida ni wakubwa wa darasa la saba wanaokaa nyuma yake wakati wa mapumziko, wanaodai mia mbili ndipo upite, wanaommwagia maji mtu aliyekwisha kuchuchumaa. Kwenye fomu ya bwana afya shule hiyo ina matundu ya kutosha. Kwa mtoto huyo haina hata moja.

Uonevu wa watoto kwa watoto umekaa muda mrefu mikononi mwa walimu wa nidhamu na wahubiri, huku watu wa afya ya jamii wakikaa pembeni kusubiri mwaliko wa kutoa mada siku ya maadhimisho. Mada tunazo za kutosha. Ambacho hatuna shuleni ni ile kazi wanayoijua wao kuliko mtu mwingine yeyote: kulihesabu tatizo, kujua liko wapi na linatokea saa ngapi, kubadili mazingira yanayolizalisha, halafu kuhesabu tena uone kama limepungua. Wanafanya hivyo kwa kipindupindu kila mwaka. Kwa uonevu hawajaombwa, na wenyewe hawajajitokeza.

Kama kuna anayeona hili si la afya, ushahidi upo siku nyingi. Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio mwaka 1996 kwamba ukatili ni tatizo kubwa la afya ya umma. Uingereza wanafuatilia watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958, na mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za 7,771 kati yao. Wale walioonewa mara kwa mara wakiwa na miaka 7 na 11 walikuwa na sonona, wasiwasi na mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao katikati ya miaka yao ya arobaini, na walipofikisha miaka 50 akili zao zilikuwa bado na dhiki zaidi. Hamsini! Watu hao wana wajukuu, na kilichowapata uwanjani darasa la pili bado kinawadai.

Huku kwetu huna haja ya kusubiri miaka hamsini. Kaa kwenye benchi la zahanati Jumatatu asubuhi. Mama ameleta mtoto wa miaka kumi, tumbo linamkata. Wiki mbili zilizopita lilimkata pia, akapewa dawa ya minyoo. Kabla ya hapo aliambiwa ni taifodi, akamaliza dozi. Leo kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mkojo hauna kitu, na mtoto mwenyewe ifikapo saa nne anakula chapati vizuri kabisa kwa kuwa muda wa kwenda shule umeshapita. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto wanaoonewa wana uwezekano angalau mara mbili ya wenzao wa kuumwa hivi: tumbo, kichwa, usingizi kukatika, bila ugonjwa unaoonekana kwenye kipimo. Mganga anayeandika taifodi kwa mara ya tatu hajui kwamba aliye mbele yake ameshatoa taarifa, kwa lugha pekee ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuitumia bila kumtaja mtu. Swali moja lingetosha: tumbo linauma na Jumamosi?

Basi ni nani anayehesabu kwa sasa? Ukweli ni kwamba wanaotuhesabia ni watu wenye simu. Mwaka 2016 taifa zima lilijua habari za mwanafunzi wa Mbeya aliyepigwa na walimu wa mafunzo kwa sababu kuna mtu alirekodi video. Kenya, mwaka 2017, habari za viranja kuwatesa wadogo zao usiku katika Alliance High School, shule yenye heshima kuliko karibu zote nchini humo, zilitikisa nchi baada ya kuingia magazetini, na mwalimu mkuu akaondoka kazini. Kila mara mambo huwa yale yale: hasira kwa wiki mbili, waziri anatoa tamko, mtu anasimamishwa, kisha kimya mpaka video nyingine. Ugonjwa ambao tungekuwa tunaujua kwa njia ya video tu tungeuita janga.

Tafiti kubwa zipo, na ni nzuri kwa kazi yake. Uchunguzi wa afya ya wanafunzi unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani ulifanyika Kenya mwaka 2003, Dar es Salaam mwaka 2006, na Tanzania tena mwaka 2014, na ndani yake mna maswali ya uonevu. UNESCO walipokusanya takwimu za nchi nyingi mwaka 2019 walikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa asilimia 48.2. Lakini hiyo 48.2 ukimpa mwalimu mkuu wa shule moja ya kata, aifanyie nini? Hajui kama shule yake ni 20 au 70, wala hajui kama tatizo liko bombani au njiani.

Kuna jingine la kuangalia. Utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, ule wa mwaka 2009 uliofanywa na UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulituonyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walipigwa au kuumizwa kabla ya kufikisha miaka 18. Ulitikisa watu, na kwa haki. Ila namba hiyo ilihusu waliopigwa na watu wazima au wapenzi. Mtoto anayemchapa mwenzake bwenini hakuwa kwenye hesabu hiyo. Mpaka leo mazungumzo yetu yamefuata njia hiyo hiyo: tukisema ukatili kwa mtoto tunamwona baba, mjomba, mwalimu, dereva wa bodaboda. Mtoto kwa mtoto tunaita utundu.

Norway walianza na vifo. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi hiyo walijiua, na ikaonekana chanzo kikubwa ni kuonewa na wenzao. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya kitaifa, na mwanasaikolojia Dan Olweus akapewa nafasi ya kufuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za Bergen. Cha kwanza alichofanya hakikuwa semina. Aliwapa watoto karatasi isiyo na jina, akawauliza: umeonewa mara ngapi, wapi, na nani alijua. Baada ya miaka miwili visa vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Katika yote aliyoyakuta, moja lingepaswa kubandikwa ofisi ya kila mwalimu wa zamu: palipokuwa na watu wazima wengi zaidi wakizunguka wakati wa mapumziko, uonevu ulikuwa mdogo zaidi.

Chukua sasa bweni la kidato cha kwanza. Njuka, yaani mgeni wa shule, ameingia Januari na tranka jipya, godoro, ndoo, na sukari kilo mbili. Anayejua maisha ya bweni anaweza kukuchorea ramani bila kufikiri. Saa kumi na moja alfajiri, bombani: wakubwa wanapitisha ndoo zao mbele, njuka anachota maji ya watu wanne ndipo achote yake, akichelewa mstarini anachapwa kwa kuchelewa. Mchana, bwaloni: nyama inahama sahani. Saa nne usiku baada ya prepo, taa zikizimwa: hapo ndipo penyewe, maana mwalimu wa bweni amekwenda kwake na kiranja ndiye serikali. Sukari inaisha siku ya tatu. Na kuna yule anayekojoa kitandani. Huyo shule nzima itamjua kabla ya wiki kwisha, kwa sababu godoro lake linaanikwa mahali pamoja na mengine, mbele ya njia ya kwenda darasani. Kukojoa kitandani kuna tiba na kuna namna ya kusaidiwa. Hofu huzidisha hali hiyo. Muuguzi mmoja akiagiza mpira wa kufunika godoro, na magodoro yaanikwe nyuma ya bweni badala ya mbele, amezuia uonevu wa mwaka mzima bila kumhubiria mtu yeyote upendo. Hiyo ndiyo afya ya jamii ninayoisemea. Ni ya vitu na saa.

Serikali yenyewe imewahi kufikiri hivyo. Mwaka 2023 ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi naisoma hivi: kuna umri ambao mtoto hawezi kulindwa usiku na watoto wenzake. Haikungoja tabia za watoto zibadilike. Iliwaondoa mahali pa hatari. Ninatamani tungekuwa na ushahidi wa shule kwa shule wa kuamua mengine ya aina hiyo, kuanzia nani alale na nani hadi komeo la bweni lifungwe upande gani.

Kwa nini mwalimu asihesabu mwenyewe? Kwa sababu ni shule yake. Simlaumu. Mwalimu mkuu anapimwa kwa ufaulu na kwa utulivu, na mzazi anayelipa ada ya bweni akisikia neno uonevu atahamisha mtoto. Faida yake yote iko kwenye kunyamaza. Mtu wa zahanati mshahara wake hautoki hapo, na matokeo ya kidato cha nne hayamhusu. Tena ana mazoea ya siri ya mgonjwa, jambo ambalo chumba cha walimu, tuseme ukweli, hakinalo. Mtoto akimwambia mwalimu, jioni wenzake wanajua. Na usiku atalala bweni lile lile.

Ndiyo maana karatasi isiwe na jina, na mambo ya kunyoosha mikono yasiwepo kabisa. Nimeona watu wenye nia njema wakisimama mbele ya darasa la watoto themanini na kuuliza, "Nani hapa anaonewa na wenzake?" Darasa zima linageuka kumtazama mtoto mmoja. Wameshamjibia bila yeye kufungua mdomo.

Na takwimu zikipatikana zisigeuzwe ligi. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, na nadhani walifanya vyema. Tukianza kutangaza shule kumi zenye uonevu, mwaka unaofuata hakutakuwa na shule yenye uonevu Tanzania nzima, kwenye makaratasi. Namba ziende kwa mwalimu mkuu mwenyewe, bodi au kamati ya shule, na mratibu wa afya shuleni wa halmashauri. Basi.

Halafu zifanyiwe kazi gani? Hapa ndipo watu wa afya wanapopaswa kuwa wakali kwa sababu tiba zinazopendwa si lazima ziwe zinazofanya kazi. Ttofi na Farrington wa Cambridge walipitia tathmini 44 za programu za kuzuia uonevu na kuchapisha walichokikuta mwaka 2011. Kwa wastani programu zilipunguza uonevu kwa asilimia 20 hadi 23. Si muujiza, lakini si haba. Vilivyoendana na mafanikio ni vya kawaida sana: vikao na wazazi, usimamizi mzuri wa uwanja, na kazi inayoendelea muda mrefu badala ya siku moja. Kilichoonekana kuendana na watoto wengi zaidi kuonewa ni kuwapa watoto wenzao kazi ya kusuluhisha na kusimamia. Soma tena hilo kisha fikiria mfumo wetu wa viranja. Sisi tumemkabidhi mtoto wa miaka kumi na saba funguo, fimbo na orodha ya majina, tukamwambia alinde wadogo zake. Wapo viranja waungwana, wengi tu. Ila muundo wenyewe unaomba matatizo, na mtu wa afya akiona muundo unaozalisha ugonjwa hamsifu aliyebahatika kutougua. Watu wa Finland kwenye programu yao ya KiVa, iliyoenezwa kitaifa kuanzia 2009, waliwatumia watoto kwa namna tofauti: waliwafundisha wale wanaotazama wasicheke. Mwonevu asiye na watazamaji huchoka.

Fimbo ya mwalimu nayo imo. Kenya iliifuta shuleni mwaka 2001, angalau kisheria. Kwetu bado inaruhusiwa kwa masharti. Sitaki kuufungua mjadala wote huo. Ninachotaka kiangaliwe ni kilichofanyika Luwero, Uganda, tena kwa sadfa ni shule 42 vilevile. Shirika la Raising Voices la Kampala liliingiza mpango wake wa shule nzima, na watafiti wa chuo cha afya ya umma cha London wakapima. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na watumishi wa shule wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31 kwenye shule zilizopata mpango, dhidi ya 49 kwenye zile ambazo hazijapata. Sheria haikubadilika kati ya shule hizo. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alipanga, akafuatilia, akapima. Anayesema utamaduni wa kupiga haubadiliki Afrika Mashariki aanze kwa kuieleza Luwero.

Utafiti huo ulitoa funzo jingine ambalo wataalamu wetu wakilisahau watawaumiza watoto. Waliposhika karatasi na kuuliza, watoto 434 walieleza mambo mazito kiasi cha kupelekwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Ukiuliza utajibiwa. Kwa hiyo kabla ya kugawa dodoso, afisa ustawi wa jamii awe anajua siku na saa, dawati la jinsia na watoto la polisi liwe na mtu, na namba 116 iwe imebandikwa mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Kumfungua mtoto mdomo halafu kumwacha hapo ni uonevu mwingine.

Najua jibu la mganga mfawidhi: tuko wawili, tuna kliniki ya wajawazito, chanjo, na ripoti za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zisizokwisha. Namwelewa. Lakini muuguzi wake anakwenda shuleni tayari. Tangu 2018 anakwenda na kisanduku cha baridi kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Anakwenda na dawa za minyoo na kichocho. Anawapanga watoto mstari, anaandika umri, anasubiri dakika kadhaa aone kama kuna anayezimia. Karatasi ya maswali sita inajazwa katika dakika hizo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024, wanaingia nyumba kwa nyumba na kukuta watoto waliobaki nyumbani siku ya shule. Kenya nao waliwaingiza kazini wenzao zaidi ya 100,000 mwaka 2023. Kamati za kupinga ukatili za kata na mtaa ziko kwenye karatasi tangu MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ya kwanza ya 2017/18, na madawati ya ulinzi wa mtoto yameanzishwa shuleni. Watu wapo. Hakuna aliyewapa swali la kuuliza.

Kuna pingamizi lingine, linalotoka kwa watu wazima waliofanikiwa: sisi tulichotishwa maji, tulipigwa, tukawa watu. Sawa. Wanaosema hivyo ni wale waliobaki. Yule aliyekimbia shule kidato cha pili hayuko kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu akicheka kumbukumbu za bweni, na aliyekuwa akimchotea maji mheshimiwa huyu hajaulizwa anaikumbukaje shule.

Ramani hiyo, ikichorwa kwa uaminifu, itatoka nje ya geti. Dar es Salaam sehemu kubwa ya uonevu wa watoto wa kutwa iko kituo cha daladala, ambako konda hataki nauli ya mwanafunzi, wakubwa wanapandia madirishani na wadogo wanabaki mpaka jua linazama, mikononi mwa yeyote aliyepo. Huko mwalimu mkuu hana mamlaka. Mwenyekiti wa mtaa anayo, na halmashauri inayo. Kwenye simu pia, vikundi vya darasa vinavyowaka usiku wa manane, ila naona tumeanza kuzungumzia simu kabla hatujamaliza choo.

Halmashauri inayotaka kuanza isisubiri waraka. Kata moja, shule tatu, karatasi isiyo na jina mwezi Machi wakati njuka wameshaonja kila kitu, na nyingine Septemba baada ya kurekebisha yale yaliyowezekana: zamu ya mapumziko, foleni ya bomba, taa ya njia ya choo, mahali pa kuanika magodoro. Mratibu ajiandae kwa kitu kimoja. Mara ya kwanza namba zitakuwa kubwa, na huenda za Septemba zikawa kubwa zaidi, kwa sababu watoto watakuwa wameona kwamba karatasi ya Machi ilileta taa. Afisa elimu atapiga simu kuuliza kwa nini kata ile imeharibika ghafla. Aambiwe kama tunavyoambiana kwenye kifua kikuu: wagonjwa wakiongezeka mwaka ulioanza kutafuta, ni kwamba umeanza kuwapata.